Mashine Ishirini na Mbili za Mwalimu Kyaruzi

Mwalimu Jovitha Ndyamukama hakusomea kompyuta. Alisomea jiografia na Kiswahili, akapangiwa shule moja ya wasichana upande wa Buganguzi, wilayani Muleba. Kwa kuwa alikuwa mgeni, na hakuwa na mtoto wa kumkimbilia nyumbani saa tisa alasiri, akaambiwa amsaidie Mwalimu Bartholomayo Kyaruzi kwenye chumba cha kompyuta. Kumsaidia kwenyewe kulikuwa kufungua madirisha, kufuta vumbi, kuhesabu wasichana wakiingia na wakitoka, na kubonyeza vitufe ishirini na viwili asubuhi kabla ya kipindi cha kwanza.

Mashine zilikuwa kuukuu, za msaada, zimekuja kwa mafungu miaka tofauti. Diski zake zilikuwa zimekufa moja baada ya nyingine kwa vumbi na kwa umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo. Mwalimu mwingine angeandika barua zifutwe kwenye orodha ya mali. Kyaruzi alizing'oa diski zote, akachomeka nyuma ya kila mashine kijiti cha flashi, na katika kijichumba cha pembeni kilichokuwa stoo ya ramani akaweka mashine moja kubwa yenye diski nzuri. Hiyo ndiyo iliyokuwa seva. Ukiwasha mashine yoyote darasani, kile kijiti kiliipa akili ya kuamka tu. Ikishaamka, iliita kwa waya mpaka kwenye seva ikaomba vingine vyote, programu zake, mafaili yake, hata ule mshale mdogo wa kipanya. Kwenye seva palikuwa na folda moja ambayo mashine zote zilishirikiana, nayo ndiyo mwanzo wa mafaili yote, ile ambayo mafundi huiita mzizi.

"Ndani hazina kitu hizi," Kyaruzi alimwambia Jovitha siku ya kwanza, akigonga moja ubavuni. "Zote zinakula sahani moja."

Jovitha alipenda kuziangalia zikiamka. Skrini ishirini na mbili zilitiririsha maandishi meupe kwenye weusi, mstari juu ya mstari, kisha moja ikafunguka rangi, ya pili, ya tano, mpaka chumba kizima kikawa na mwanga wa samawati. Kyaruzi akirekebisha kitu kimoja kwenye seva jioni, asubuhi mashine zote zilikuwa nacho. Huko huko alikuwa ameweka masomo yake ya miaka kumi na miwili, aliyoyaandika mwenyewe kwa Kiswahili chepesi, kwa sababu wasichana wengi walitoka majumbani wakizungumza Kihaya, na Kiingereza cha vitabuni kiliwatisha. Alichora hata picha za vifaa kwa mkono wake. Kazi za wasichana nazo zilikaa humo, tangu kidato cha kwanza.

Namna seva ilivyofanya kazi kwa ndani hakuwahi kumfundisha. Hakumnyima. Mara mbili walipanga siku. Ya kwanza wakaja wageni wa wilaya, ya pili Jovitha akalala na malaria. Wakasema basi, tukishamaliza kuvuna kahawa. Mwezi wa sita Kyaruzi alikwenda kwake Izimbya kwa likizo, na asubuhi moja akiwa kibanjani, kwenye shamba lake la migomba, amebeba mkungu wa ndizi begani, mkono wa kulia ukalegea, mkungu ukaanguka, naye akaanguka juu yake. Kilikuwa kiharusi. Alilazwa Bukoba mjini wiki tatu, akarudishwa nyumbani akiwa hai, mguu unaburura, mkono umekufa, na maneno yameondoka.

Julai na Agosti mambo yalikwenda. Jovitha alibonyeza vitufe vyake, mashine zikaamka kama kawaida, na mkuu wa shule, Sista Georgina, akamwambia mbele ya walimu wote kwamba amejaza pengo vizuri. Jovitha aliona aibu. Alijua hajajaza kitu.

Septemba, wasichana wakiwa mapumzikoni, shule ililetewa intaneti mpya. Mafundi wawili walikuja Alhamisi, wakapandisha dishi juu ya paa, wakaingia kwenye kijichumba cha seva, wakabandua kisanduku cheusi cha ruta kilichokuwa ukutani na kubandika cheupe mahali pake. Jovitha aliwapelekea chai. Wakamwonyesha intaneti ikifanya kazi kwenye simu yake, akasaini karatasi. Jumamosi ikanyesha mvua kubwa yenye radi, mti wa mkaratusi nyuma ya bweni ukapasuka, na umeme ukakatika mpaka Jumapili jioni.

Jumatatu asubuhi, wasichana wakiwa wamerudi, alibonyeza vitufe ishirini na viwili. Maandishi meupe yakatiririka, yakafika mahali, yakasimama. Kila skrini ilisimama kwenye mstari ule ule. Alisubiri dakika kumi. Ukatokea mstari mwingine wa Kiingereza uliosema mzizi haukupatikana, na baada ya hapo hakuna kilichosogea tena.

Alizima, akawasha. Alizima seva, akaiwasha, taa zake zikawaka vizuri na feni ikavuma. Akachomoa nyaya na kuzichomeka upya, zote, akitambaa chini ya meza na kanga imefungwa kiunoni. Wasichana wa kidato cha nne walikuwa wamejipanga mlangoni na madaftari yao wakimwangalia. Mtihani wao wa vitendo ulikuwa umebaki wiki sita.

Shule nzima ilisema ni radi. Sista alisema ni radi, mlinzi aliyeuona mkaratusi ukipasuka alisema hivyo hivyo, na Jovitha naye akaamini, maana angeamini nini kingine? Alimtumia ujumbe Evelyne Mugisha, mwanafunzi wa zamani wa Kyaruzi ambaye sasa alifanya kazi ya mitandao Dodoma. Ujumbe ulikwenda, haukujibiwa. Akatuma wa pili, akapiga simu, haikupatikana.

Wiki ya pili akaomba ruhusa ya siku moja, akaenda Izimbya.

Immakulata, mke wa Kyaruzi, alimpokea kwa upole wa mtu aliyechoka. Kabla hawajaingia ndani alimshika mkono pale uani akamweleza. Kwamba mzee anasikia, anaelewa mengi, ila kinywani limebaki neno moja tu, waitu, lile neno la heshima ambalo Wahaya humwitia mtu. Akitaka maji ni waitu. Akikasirika ni waitu. Kwamba hata kutikisa kichwa kusimdanganye, kwa sababu mara nyingine anasema ndiyo akimaanisha hapana, na akigundua amekosea analia. Daktari aliwaambia wampe muda. Hakusema muda gani.

Kyaruzi alikuwa ameketi kwenye kiti cha mikono sebuleni, amenyolewa, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni. Alipomwona Jovitha uso wake ulifunguka upande mmoja.

"Waitu," alisema.

"Shikamoo, Mwalimu," Jovitha alisema, akapiga magoti kidogo kumshika ule mkono wa kushoto, na yale aliyoyapanga njiani yote yakamtoka kichwani.

Alimweleza polepole kwamba mashine haziamki. Akamwona amesikia: macho yalisimama, mdomo ukaanza kufanya kazi, ukatafuta, ukatafuta, ukatoa waitu. Jovitha alitoa karatasi aliyokuwa ameiandika herufi kubwa kubwa, akamwomba amwonyeshe nywila ya kuingilia kwenye seva. Kidole chake kilikwenda kwenye M, kikabaki pale. Jovitha akaiandika M. Kidole kikazunguka karatasi yote na kurudi M. Mara ya tatu ikawa M tena. Kyaruzi mwenyewe aliona kwamba ni M, akatikisa kichwa, akakivuta kidole kama mtu anayekivuta kitu kizito kwenye matope, na kidole kikaenda kwenye M.

Alikunja karatasi haraka, akatoa simu. Alimwonyesha picha ya skrini iliyosimama. Hapo Kyaruzi alitulia. Aliusoma ule mstari, au aliutazama jinsi mtu anavyousoma, kisha akafanya ishara kwa kidole: nyingine. Jovitha akatelezesha picha. Darasa. Nyaya chini ya meza. Seva na taa zake. Kijichumba chote kutokea mlangoni.

Kwenye ile ya kijichumba Kyaruzi aliweka kidole. Alikiweka ukutani, juu ya kile kisanduku cheupe.

"Waitu," alisema. "Waitu. Waitu."

"Hiyo ni intaneti mpya, Mwalimu," Jovitha alimwambia, akifurahi kupata cha kumpa. "Sista ametuletea mwezi huu. Ina kasi sana. Ukirudi utaipenda."

Kyaruzi alitikisa kichwa. Akagonga tena pale pale, kwa nguvu, picha ikahama, Jovitha akairudisha, akagonga tena. Shingo ilikuwa imemsimama mishipa. Jovitha alidhani anauliza nani aliyeiweka, akamwambia. Akadhani ameumia kwa sababu watu wengine wameingia katika chumba chake bila yeye kuwapo, akamwomba radhi kwa hilo, kwa maneno mengi, akimhakikishia kwamba hakuna aliyechukua nafasi yake na kwamba kiti chake kipo. Kyaruzi alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akaupiga mkono wake, simu ikaruka ikaanguka sakafuni, naye akaanza kulia kwa sauti, mdomo wazi, kama mtoto, na lile neno likitoka vipande vipande.

Immakulata aliingia kutoka jikoni akamfuta uso kwa upande wa kanga. "Inatosha, mwanangu," alimwambia Jovitha. "Amechoka."

Wakati wa kuagana alimfungia ebitoke, ndizi za kupika, kwenye mfuko, na Jovitha alisafiri nao mpaka Bukoba, na kutoka Bukoba mpaka Muleba, akiwa hana la kumwambia Sista.

Sista hakuhitaji la kuambiwa. Alikwisha kumpata fundi wa Bukoba mjini, Philbert Kashaija, kijana nadhifu mwenye begi la zana, mwenye sifa ya kutengeneza kompyuta za maofisi. Alikuja Ijumaa. Aliwasha mashine moja, akausoma mstari, akacheka kidogo kwa mshangao na kusema hajawahi kuona mashine za shule zimeunganishwa hivi. Mfumo wenyewe haukuwa ule anaoujua yeye. Alitafuta nywila kwa kubahatisha mara nne tano, akaacha. Ushauri wake ulikuwa mwepesi: kila mashine iwekewe diski yake ndogo, kila moja ijitegemee, awawekee mfumo wa kawaida ambao watu wote wanautumia. Kwa zile diski zitakazopatikana kabla ya mtihani alikadiria mashine kumi na mbili. Na ile diski kubwa ya seva, kwa kuwa ni nzima, angeihamishia kwenye kompyuta ya ofisi ya taaluma.

"Kuna masomo humo," Jovitha alisema. "Na kazi za wasichana."

Philbert hakuwa mtu mbaya. Aliifungua seva, akaitoa diski, akaichomeka kwenye laptopu yake ili wote waone. Kwenye laptopu likatokea dirisha dogo likisema diski hii haisomeki, je, unataka kuifomati?

"Unaona, Mwalimu," alisema. "Haina kitu. Radi imeikausha."

Jovitha aliangalia lile dirisha. Kuna kitu kilimwambia si kweli, lakini hakikuwa na neno lolote la kujitetea nalo. Angesema nini? Kwamba taa zilikuwa zinawaka? Kwamba feni ilivuma? Aliomba wasubiri wiki moja, ampate mtu wa Dodoma. Sista alimuuliza kwa sauti ya kawaida kama huyo mtu amejibu. Jovitha akasema hapana. Sista akauliza mtihani ni lini. Jovitha akataja tarehe.

"Basi," Sista alisema, "tumwachie fundi afanye kazi yake."

Philbert akamtazama Jovitha, kwa kuwa ndiye aliyekabidhiwa chumba, na Jovitha akaitikia kwa kichwa. Kidole cha fundi kikabonyeza, diski ikafutwa. Ilichukua muda mfupi sana.

Evelyne alipiga simu Jumapili, siku mbili baadaye. Alikuwa amebadilisha laini, ule ujumbe ameupata kwa dada yake aliyebaki na simu ya zamani. Sauti yake ilikuwa ya haraka na changamfu. Hata kabla Jovitha hajamaliza kueleza, alimuuliza kama shule imebadilisha ruta hivi karibuni.

Jovitha alikuwa amesimama nje ya kanisa. Watu walikuwa wanatoka misani. Alisema ndiyo, imebadilishwa.

Evelyne akamweleza bila kupunguza mwendo, kwa kuwa hakujua yaliyotokea Ijumaa. Kila mashine kwenye mtandao ina namba yake, na ile ruta ya zamani ndiyo iliyoigawia seva namba yake, ile ile kila siku. Mwalimu Kyaruzi aliipanga hivyo. Vile vijiti vya flashi vimeandikwa hiyo namba ndani. Ruta mpya imeipa seva namba nyingine, kwa hiyo mashine zinaamka, zinaita namba ya zamani, na hakuna anayeitikia. Seva ni nzima. Mzizi upo pale pale. "Irudishe ruta nyeusi ukutani hata kwa dakika kumi," alisema, "zote zitaamka. Baadaye nitakuelekeza kuandika namba mpya. Mnayo bado hiyo ruta?"

Ilikuwepo. Ilikuwa stoo, juu ya mikeka, imezungushiwa waya wake. Jovitha aliiweka yeye mwenyewe.

"Mwalimu? Unanisikia?"

Jovitha alimwambia kuhusu diski. Evelyne akasema laptopu ya kawaida haiwezi kusoma diski ya mfumo ule hata ikiwa nzima, halafu akauliza, safari hii polepole, kama kuna nakala mahali. Akauliza kama fundi ameshaandika vitu vipya juu yake. Ameshaandika; ofisi ya taaluma ilikuwa inaitumia tangu Jumamosi asubuhi kuchapa ratiba. Evelyne alisema atajaribu kuulizia kama kuna cha kuokoa, kwa sauti ya mtu anayesema kitu cha kumaliza mazungumzo. Kisha akasema kwamba kompyuta ya kwanza maishani mwake aliigusa kwenye chumba kile, na alipofika hapo akaaga.

Kwa macho ya shule mambo yaliisha vizuri. Philbert alizimaliza mashine kumi na mbili siku tatu kabla ya mtihani. Wasichana waliingia kwa zamu, wakahangaika kidogo kutafuta vitu kwenye mfumo wasiouzoea, wakafanya walichoweza. Hakuna aliyelaumiwa. Sista aliandika kwenye taarifa ya bodi kwamba athari za radi zimeshughulikiwa, na Jovitha aliposimama mlangoni kwake siku moja kumweleza habari ya ruta, Sista alimsikiliza, akavua miwani, akasema, "Sasa tungejuaje, Mwalimu?" Lilikuwa swali la haki. Jovitha akarudi darasani.

Usiku alilala vizuri. Alichoshindwa ni mchana, akiwa ubaoni, chaki mkononi, ghafla akaona kidole cha mzee kikigonga kioo cha simu na kusikia sauti yake mwenyewe ikijibu kwa furaha.

Desemba shule ilipofungwa alikwenda Izimbya. Angeweza kutokwenda. Immakulata alimkaribisha kwenye benchi barazani, akamletea akamwani, kahawa ya kutafuna, kwenye kikapu kidogo na chai ya maziwa. Kyaruzi alikuwa ameketi ng'ambo yake, amenenepa kidogo, fimbo katikati ya magoti. Sasa alitembea mwenyewe. Maneno yalikuwa bado.

Jovitha alieleza yote. Hakulia na hakujitetea. Alisema ilikuwa ruta, na kwamba yeye Mwalimu alimwonyesha, akamwonyesha mara nyingi, na yeye hakuelewa. Alisema diski imefutwa. Alitaja masomo, alitaja michoro. Alisema aliitikia kwa kichwa. Kwa muda wote ule Kyaruzi alimtazama usoni, na Jovitha hakuweza kujua ni kiasi gani kinaingia, wala kama angependa kiingie chote.

Alipomaliza, mzee alishika fimbo, akainuka kwa shida, akiukataa mkono wa mkewe. Alishuka ngazi mbili za baraza, akauvuka ua, mguu ukichora mstari kwenye udongo, akaingia kibanjani. Wakaona mgongo wake katikati ya migomba, kisha wakauona umesimama.

"Nimfuate?" Jovitha aliuliza.

"Mwache. Hata mimi siku hizi simfuati," Immakulata alisema. "Sijui akienda pale anafanya nini. Mwanzoni nilikuwa namuuliza."

Walikaa. Immakulata alimuuliza habari za mama yake, na Jovitha akamjibu. Manyunyu yakaanza, mepesi mwanzoni, kisha majani ya migomba yakaanza kupigwa kweli kweli, na mgongo ule haukugeuka. Immakulata aliingia ndani akatoka na mwavuli, akavua viatu akaviacha barazani, akaenda. Jovitha alimwona akifika, akiufungua mwavuli juu ya kichwa cha mumewe, akisimama pembeni yake, yeye mwenyewe nusu akiwa kwenye mvua.

Gari la mwisho la kwenda Bukoba lilikuwa saa kumi. Jovitha aliangalia saa, ilikuwa imebaki robo saa, akaangalia kibanjani, akaviingiza ndani vile viatu vya Immakulata visilowe, kisha akarudi kuketi.